Nilisema ni Sawa

Mount Druitt, Sydney
Jumanne, mchana

Kaka yangu Mwadime,

Kabla hujauliza: mimi ni mzima wa mwili. Nimechanjwa mara mbili, sijaugua, nakula na nalala. Sasa nijibu wewe. Goti la mama likoje? Bado anakataa mkongojo eti majirani watasema amezeeka? Wifi Mkawasi amepona kile kikohozi kilichotutia hofu sote? Mvua za vuli zimekuja, au zimewadanganya tena? Na gereji yako, malori yameanza kuingia, au barabara ya Mombasa bado imelala? Niandikie yote, hata yale ambayo mama anakukataza kuniambia.

Najua umeshangaa kupokea barua ya karatasi ilhali tunaongea kila Jumapili. Lakini simu ya nyumbani ni ya watu wote. Ukiiweka mezani mama anasikia, watoto wanasikia, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye anasikia. Mara mbili umeniuliza kwa nini siku hizi sizungumzii barafu, na mara mbili nimekujibu kwamba kazi imenibana. Nilikudanganya. Barua hii isome peke yako, kisha mwambie mama yale tu unayoona anaweza kuyabeba.

Nianze na mambo unayoyajua. Ule uwanja wa barafu wa hotelini Nairobi, ulikonipeleka mara ya kwanza nikiwa bado nina viatu vya magurudumu ulivyoniachia, haukuzidi ukumbi wa harusi. Saa moja pale ilikuwa ghali na sisi tulikuwa wengi. Kocha wetu wa hoki ya barafu hakuwa na nafasi ya kutufundisha kuteleza leo, pasi kesho, na kupiga goli wiki ijayo. Alitutupia yote kwa mpigo, na tulijifunza yote kwa mpigo kwa sababu muda ulikuwa unakwisha. Sikujua kwamba huo ulikuwa ujuzi. Nilidhani ni umaskini tu.

Huku nilikuja kusomea uuguzi wa wazee, na kazi nikaipata katika nyumba ya wazee kule St Marys. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nachukua treni, kisha basi, naenda kuteleza kwenye uwanja mmoja wa barafu uliojengwa kati ya maghala. Hapo ndipo aliponiona Darren. Darren ni fundi umeme, na jioni na Jumamosi ni kocha mkuu wa hoki ya watoto katika klabu ya pale. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Nilipomwambia Nairobi alicheka, halafu akaona sicheki, akaniomba radhi. Wiki iliyofuata aliniletea viatu vya barafu vya mke wake wa zamani na kuniuliza kama ningependa kumsaidia na watoto wa miaka kumi hadi kumi na tatu. Ilikuwa kazi ya kujitolea. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilipofika watoto walikuwa wanafundishwa ujuzi mmoja mmoja. Unakuta foleni ya watoto kumi na wawili, mmoja anazunguka koni na kumi na mmoja wamesimama wanapuliza vidole. Nusu saa ya kuteleza, nusu saa ya pasi, kisha nyumbani. Kila mtoto alijua kila kitu mazoezini, na siku ya mechi alikuwa kama hajafundishwa, kwa sababu mechi haikuombi kitu kimoja. Inakutaka uteleze kinyumenyume huku unapokea pasi, huku unajua nani yuko mgongoni mwako.

Basi nikaomba dakika ishirini za mwisho. Nikagawa nusu ya uwanja kwa kona nne na kuzipa majina ya kwetu: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mtoto anatoka Voi bila kitu, mbio, akifika katikati anageuka na kuteleza kinyumenyume. Hapo hapo mwenzake wa Mwatate anamtumia kile kisahani cheusi kinachochezewa. Anakipokea, anageuka mbele, anapita kati ya koni bila kuangalia chini, kwa maana mimi nimesimama mbele yake nimeinua vidole na lazima anitajie kwa sauti ni vingapi. Anapiga langoni. Na kabla hajafurahia goli lake anarudi mbio kumkaba anayemfuata. Aliyetoa pasi ndiye anayefuata kukimbia, na aliyepiga ndiye mlinzi. Hakuna anayesimama kupuliza vidole.

Wiki ya kwanza walianguka kama magunia. Darren alisema ni vurugu. Wiki ya tatu aliacha kusema. Wiki ya sita alikuja na daftari lake akawa anachora. Nilikuwa nasikia watoto wa Kizungu, wa Kichina na wa Kihindi wakipiga kelele, “Niko Mwatate! Niko Mwatate!” na siku moja nilicheka hadi machozi yakaganda mashavuni. Nilikuwa na mazoezi mengine mengi ya namna hiyo, mengine ya watu wawili, mengine ya watano, yote nimeyachora kwenye madaftari ya shule yale ya bei rahisi. Tangu nitoke nyumbani sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Sasa nikueleze kuhusu Ineza, maana barua hii ni yake kuliko yangu.

Mimi naishi kwenye fleti za ghorofa mbili, na chini yangu anakaa Goreth, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Tunafanya kazi pamoja, yeye akiwa upande wa kufua. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Chake kimechanganyika na Kifaransa na Kirundi, changu ni hiki unachokijua. Ana binti mmoja, Ineza, wa miaka kumi na miwili, ambaye anasikia Kiswahili chote lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Jumamosi Goreth alikuwa zamu na mtoto hana wa kukaa naye, nikawa namchukua. Alikaa kwenye benchi la baridi mwezi mzima ndani ya koti langu, haongei. Halafu siku moja akaniuliza kama kuna viatu vya saizi yake.

Mwadime, watoto wengi hutazama kisahani. Ineza alitazama watu. Hicho ni kitu ambacho mimi sikuweza kumfundisha mtu, niliweza kukiandalia nafasi tu. Katika yale mazoezi yangu alikuwa anajua mwenzake atakuwa wapi kabla mwenzake hajajua mwenyewe. Na ajabu, ndani ya barafu ndimo alimokuwa anaongea Kiswahili. Alikuwa anaita pasi kwa neno moja, “Lete!” na haikupita muda watoto wote wakawa wanaita pasi hivyo. Darren mwenyewe aliniambia kwamba huyu atachaguliwa kwenye timu teule ya umri wake. Goreth hakuelewa ule mchezo hata kidogo, lakini alikuja mara moja akamwona binti yake anapita katikati ya watoto wa watu, akaniambia, “Huyu ni wangu kweli?”

Ugonjwa ulipoanza mwaka ule wa kwanza, tulifungwa miezi michache, tukafunguliwa. Tukadhani tumepona. Mwaka uliofuata, katikati ya baridi ya Juni, mji ulifungwa tena, na safari hii haukufungwa sawa kwa wote. Watu wa ufukweni walikuwa wanaonyeshwa kwenye televisheni wakitembeza mbwa. Huku kwetu magharibi, kwa madereva, watu wa maghala na walezi wa wazee, ilikuwa marufuku ya kutoka usiku, polisi barabarani, wanajeshi wakigonga milango kuhakiki kama mgonjwa yuko ndani, na helikopta juu ya nyumba. Ugonjwa ulikuwa huku kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tunakwenda kazini. Mimi na Goreth tulivaa mifuko ya plastiki mwili mzima, tukawashikia wazee vioo vya simu ili watoto wao wawaage. Hilo nitakusimulia siku nyingine. Sina nguvu ya kuyaandika yote mawili.

Uwanja wa barafu ulipofungwa, Darren alinipigia. Watoto wangesahau kila kitu, alisema, na akauliza kama naweza kuyaandika mazoezi yangu yote na kuyageuza yafanyike nyumbani, kwa mpira wa tenisi na sakafu ya zege. Niliifanya kazi hiyo majuma mawili, kila nilipotoka zamu. Nikachora upya, nikaeleza kila hatua, nikapiga video pale tunapoegesha magari chini ya fleti, Ineza akiwa ndiye mchezaji. Siku moja polisi wawili walisimama wakatuuliza tunafanya nini. Nikawaeleza. Mmoja alitazama mpira, akatazama gongo la hoki, akasema kwamba mtoto amalize aingie ndani. Ineza alimaliza zoezi lote kwanza, tena bila haraka. Nilimwonea fahari na nikamwogopea.

Nikamtumia Darren kila kitu. Alinishukuru sana. Na katika simu hiyo hiyo akaniambia habari iliyonikosesha usingizi kwa raha: klabu inafikiria kuajiri kocha wa watoto wa kulipwa, na yeye anamtaka Wakesho, na klabu itaniandikia barua ya kuniunga mkono kwenye makaratasi yangu ya kuishi hapa. Viza yangu inaisha mwakani, unajua. Sikukuambia wakati ule kwa sababu nilitaka kukuambia ikiwa tayari.

Serikali ilipotangaza kwamba mambo yatafunguliwa, klabu iliitisha mkutano kwa kompyuta, Jumatano moja jioni. Kamati ilikuwepo, makocha tulikuwepo, na wazazi waliruhusiwa kuingia kusikiliza, wengi wao wakiwa wamezima kamera. Mama mmoja akaomba kusema. Mtoto wake nilimfundisha mimi kuteleza kinyumenyume bila kulia. Akasema hana ubaya na mtu yeyote, ila nyumbani kwake ana mzazi mzee, na angependa familia zinazotoka maeneo yaliyoathirika zaidi zisubiri wiki nne kabla ya kurudi. “Watu wa kule,” ndivyo alivyosema. Kule ni huku. Na katika klabu nzima watu wa kule tulikuwa wawili, mimi na Ineza.

Kisha Darren akasema, “Wakesho, wewe unaishi kule. Unaonaje?”

Nilikuwa na majibu, kaka. Ningeweza kumwambia kwamba mimi na mama yake Ineza tulichanjwa kabla yao wote, kwamba tunapimwa puani kila zamu, kwamba mzazi mzee anayemhofia anaoshwa na watu wa kule. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamepangika. Lakini nilimwona Darren kwenye kile kidirisha chake, nikaiona na ile barua ya makaratasi, nikaona jinsi nitakavyoonekana nikianza kugombana na mzazi mbele ya kamati ambayo mwezi unaofuata ingeamua kama iniajiri.

Nikasema, “Ni sawa kabisa. Ninaelewa. Usalama kwanza.”

Na nikatabasamu, Mwadime. Hakuna aliyeniomba nitabasamu. Yule mama akanishukuru, mwenyekiti akanisifu kwa uungwana, na jambo likapita bila kura. Kwani nani angepiga kura ya kukataa, ikiwa mtu wa kule mwenyewe amekubali?

Goreth nilimwambia kesho yake kwamba klabu imeamua tusubiri wiki nne. Nilisema klabu. Aliitikia kwa kichwa akasema hakuna neno, yeye amezoea kungoja, kambini alingoja miaka kumi na sita, wiki nne si kitu. Ineza alikuwa mezani na vitabu vyake. Hakuinua uso. Nilidhani hasikilizi.

Katika wiki ya tatu ujumbe ulikuja kwamba mchujo wa timu teule utafanyika Jumamosi ile. Nilimpigia Darren palepale. Alisema uwanja umempa saa ambazo hakuzitegemea, na akizikataa hatapata nyingine hadi mwaka mpya. Nikamwomba amtazame Ineza peke yake wiki inayofuata, hata kwa dakika kumi. Akasema niliache mikononi mwake. Huo ni usemi wa watu wa hapa wenye maana kwamba jambo limekufa ila hakuna anayetaka kulizika.

Jumamosi ile Ineza alivaa jezi yake tangu asubuhi, akashuka pale kwenye magari na gongo lake. Mimi nilikuwa juu. Nilisikia ule mpira wa tenisi ukigonga ukuta, ukirudi, ukigonga, karibu saa tatu nzima, na katikati ya midundo nikamsikia anataja namba kwa sauti, kana kwamba kuna mtu mbele yake ameinua vidole. Sikushuka. Nilijifanya ninapika, ilhali sikuwa na hata kitunguu kilichokatwa.

Tuliporudi barafuni baada ya wiki zetu nne, orodha ilikuwa imebandikwa karibu na mlango. Ineza alijua kwamba hakufanya mchujo. Aliisoma hata hivyo, jina kwa jina hadi chini, akarudia tena toka juu. Kisha akaenda kuvaa viatu.

Wiki hiyo hiyo Darren aliwatumia makocha wote kitabu. Kilikuwa kizuri, kimechorwa kwa kompyuta, kina rangi, na jina lake lilikuwa kwenye jalada. Ndani yalikuwamo mazoezi yangu. Sisemi yanayofanana na yangu, nasema yangu, hatua kwa hatua, na ni kwa mazoezi hayo hayo watoto walipimwa siku ya mchujo. Voi, Wundanyi na Taveta zilikuwa zimegeuzwa kuwa herufi. Ukurasa mmoja tu, nadhani ulimpita, ulikuwa na neno Mwatate pembeni, limeandikwa vibaya, na hakuna maelezo ni kitu gani. Nyuma kabisa, miongoni mwa watu kumi na kitu walioshukuriwa, nilikuwepo. Jina langu walilitia herufi ambazo baba hakulitia.

Nilimfuata kwenye chumba wanamonoa vyuma vya viatu vya barafu. Alikuwa peke yake na mashine inanguruma. Nikamwambia nimekiona kitabu. Alizima mashine. Sitakudanganya kwamba alikuwa mkali. Alinisikiliza hadi mwisho, uso umemshuka. Halafu akasema, “Wakesho, zoezi halina mwenyewe. Mimi yangu niliyachukua kwa kocha wangu. Wewe yako uliyachukua kwa mtu pia.”

Na ni kweli. Yule kocha wa Nairobi jina lake sikuliandika mahali popote kwenye madaftari yangu. Wala lako, wewe uliyenifundisha kugeuka bila kuangalia miguu. Nilibaki nimesimama kama mwizi aliyeibiwa. Ndipo akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba amepata kazi ya kusimamia mafunzo ya watoto katika jimbo zima, anaondoka mwishoni mwa mwezi, na kwamba klabu haitaajiri kocha wa watoto kwa sasa, ugonjwa umewaharibia mipango. Barua ya makaratasi alisema nimuulize mwenyekiti. Mwenyekiti alisema hajawahi kusikia habari hiyo.

Ineza alikuja Jumamosi mbili zaidi. Ya tatu aligonga mlango wangu asubuhi akanipa jezi yake, imefuliwa na kukunjwa. Nilimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya orodha. Alisema hapana. Tangu hapo alianza kunisalimia kwa adabu nyingi kwenye ngazi, adabu ya mtoto kwa mgeni.

Nilikaa na jambo hilo majuma mawili. Nilitaka sana iwe kosa la Darren. Nilitaka iwe kosa la yule mama na mzazi wake mzee. Nilipokuwa nikiwaosha wazee asubuhi nilikuwa nawajibu wote wawili kichwani, kwa ufasaha, na kila nilipomaliza kuwajibu nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema ni sawa kabisa.

Mwishowe nilimfuata Goreth uani, alikuwa anaanua nguo. Nikamwambia yote. Kwamba haikuwa klabu. Kwamba waliniuliza mimi, na mimi ndiye niliyekubali, kwa sababu ya makaratasi. Aliendelea kuanua. Akakunja shuka moja, akaiweka kwenye karai, akakunja ya pili.

“Najua,” akasema.

Nikamuuliza anajuaje.

“Mutoto alikuwa mule ndani ya mkutano. Barua ya klabu inakujaga kwenye simu yake, akafinya, akaingia. Wakakuuliza wewe, akaniita mbio, anasema, mama njoo, sasa Auntie anasema. Tukakaa kwa kitanda wote wawili, tuko tunangoja sauti yako.”

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote zile, tumeingia zamu pamoja, tumekula pamoja.

“Nilikuwa nangoja uniambie wewe,” Goreth akasema. Kisha akainua karai lake akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliufunga tu.

Nilimwendea Ineza kesho yake. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha ninayoweza kuombea msamaha bila kujificha. Nilimwambia kwamba niliogopa, na kwamba mtu mzima hapaswi kumlipisha mtoto hofu yake. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango. Akanijibu, “It’s fine, Auntie.” Watoto wa hapa husema hivyo wakati jambo si sawa na hawataki kukuona ukilia mlangoni kwao. Siku hizi anacheza mpira wa kikapu shuleni. Goreth ananiletea bado mboga akipika nyingi, lakini haingii ndani, ananipa mlangoni.

Kamati niliiandikia barua. Niliwaeleza kwamba nilichosema mkutanoni hakikuwa kweli, kwamba wiki zile nne zilimnyima mtoto mchujo, na kwamba mazoezi ya kitabu kile yana asili yake. Walinijibu kwa mistari mitatu wakinishukuru kwa mchango wangu na kunitakia heri. Nikarudisha ufunguo wa chumba cha vifaa. Madaftari bado ninayo, yako chini ya kitanda, na sijui kama yatatoka.

Sikuandiki ili uniambie nijisamehe. Najua utataka kuniambia, wewe ndivyo ulivyo, lakini tafadhali usiniambie Jumapili hii. Nilitaka mtu mmoja wa damu yangu ajue nilivyokuwa siku ile, asinijue kwa yale mazuri tu.

Kuhusu viza, nyumba ya wazee imesema huenda ikaniombea niongezewe. Nitajua mwaka mpya. Wakikataa nitarudi, na mama atafurahi, na mimi nitajifunza kufurahi.

Msalimie mama sana, mwambie goti ni la kusaidiwa, halina aibu. Msalimie wifi, na umwambie kitambaa alichokitaka nimekipata Parramatta, kinakuja na mtu anayesafiri mipaka ikifunguliwa vizuri. Wabusu wanao wawili kwa niaba ya shangazi yao, hasa yule mdogo anayeniogopa kwenye simu. Msalimie mjomba Mwandawiro wa kengele ya kanisa, na mzee wa vipuri jirani na gereji yako, ambaye nasikia bado ananiulizia.

Mama ameniambia kwamba wateja wakikaa kungoja magari yao huwa unawasimulia kuhusu dada yako anayewafundisha watoto wa Kizungu mchezo wa barafu. Naomba uache, kaka. Mtu akikuuliza Wakesho anafanya nini huko Australia, mwambie anaosha wazee. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya bila kuona haya.

Ni mimi dada yako,
Wakesho